Mbia asiyeleta namba ya PIC

Muungano wa taasisi unaoomba fedha za Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, kwa mradi wa nishati jadidifu huandika kwa miezi, kisha unakwama kwa sababu mbia mmoja hajaleta namba ya PIC, yaani namba ya utambulisho wa taasisi yake. Inaudhi kweli! Ni tarakimu 9 tu, na kujisajili kwenye tovuti ya Tume ya Ulaya ni bure. Wengine hata hawatafuti kama taasisi yao inayo tayari. Idara inasajili upya, chuo kimoja kinabaki na namba mbili tatu, na mratibu hajui aingize ipi.

Saa nayo. Dirisha la maombi kwa kawaida hufungwa saa 11 jioni ya Brussels. Kwa Nairobi na Dar es Salaam hiyo ni saa 1 usiku, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba ni saa 12 jioni. Anayehesabu kwa mazoea anapoteza saa nzima. Na kwa nini kungoja? Mfumo unaruhusu kuwasilisha tena na tena, na toleo la mwisho kabla ya muda ndilo linalohesabiwa. Wasilisheni rasimu siku mbili kabla, jamani.

Bajeti ndiyo balaa zaidi. Sehemu A ya ombi hujazwa mtandaoni, Sehemu B hupakiwa kama PDF. Mkibadilisha miezi ya kazi ya mhandisi upande mmoja, badilisheni na wa pili. Fedha za uendeshaji, ambazo ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja za mradi, mfumo huzikokotoa wenyewe, bila kugusa kazi za wakandarasi wa nje. Msizichomeke tena kwenye mishahara.