Katika ganda dogo, anza na fataki laini

Anayejijazia risasi za bunduki yenye ganda dogo huwa amekwisha kubishana vya kutosha juu ya baruti na uzito wa kichwa cha risasi kabla hajaikumbuka fataki, ile kofia ndogo ya kitakoni mwa ganda inayowasha baruti, na mara nyingi fataki anayoitumia ni ile aliyoikuta kabatini. Katika ganda kubwa uzembe huo husameheka. Katika ganda kama la .22 Hornet, .218 Bee au .17 Hornet hausameheki, na maoni yangu, ambayo baadhi ya wenzangu hawayapendi, ni kwamba pa kuanzia ni fataki iliyo laini kuliko zote, yaani yenye moto mpole, miongoni mwa zile ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki. Sianzi na fataki ya bastola, ijapokuwa inasifiwa sana, wala sianzi na ya magnamu, yaani ile yenye moto mkali zaidi.

Tuanze na ujazo, kwa sababu ndiko tatizo linakozaliwa. Ganda la .22 Hornet, ambalo Winchester waliliingiza sokoni mwaka 1930, hubeba maji ya takriban greni 14 (greni ni kipimo cha uzito, na maji hutumika kupima ujazo wa ganda). La .223 Remington hubeba kiasi cha mara mbili ya hapo, na la .30-06 huzidi greni 65. Hata hivyo, Hornet na .223 hutumia fataki ya ukubwa mmoja, yenye kipenyo cha inchi 0.175, yaani kama milimita 4.45. Moto uleule unaoingia katika nafasi iliyopungua kwa nusu ni moto mkubwa zaidi kwa kila punje ya baruti, na anayetia fataki kali katika ganda la namna hiyo ni sawa na anayewasha kibatari kwa mwenge.

Wajazaji wengi wa Hornet huamini kwamba gesi ya fataki peke yake inaweza kukisukuma kichwa cha risasi kikaanza kutoka shingoni kabla baruti haijashika moto sawasawa. Kichwa kikisogea mapema, nafasi ya kuungulia baruti inaongezeka kwa kiasi kisichotabirika, shinikizo linapanda kwa mwendo tofauti kila mara, na kasi inatawanyika. Naiona hoja hiyo kuwa na nguvu katika Hornet hasa, kwa kuwa ukuta wa shingo ya ganda lake ni mwembamba na haukishiki kichwa kwa nguvu. Kwa hiyo, kabla ya kuilaumu fataki, ni vyema kuhakikisha kwamba shingo zimebanwa kwa usawa, kwani fataki iliyo bora kuliko zote haiwezi kurekebisha ganda moja lililobana na jingine lililolegea.

Kutokana na nadharia hiyo ndipo watu walipoanza kutia fataki ndogo za bastola katika maganda haya. Kwa vipimo vya nje hakuna kinachowazuia, kwa sababu fataki ndogo za bastola na fataki ndogo za bunduki zina kipenyo kimoja na kimo kimoja, tofauti na zile kubwa, ambazo za bunduki ni ndefu kuliko za bastola. Tofauti iliyopo katika hizi ndogo ni ya ndani: ya bastola kwa kawaida ina mchanganyiko mpole zaidi, na kikombe chake, yaani ganda lake la nje linalopigwa na pini ya silaha, ni chembamba. Kikombe cha bastola huwa na unene wa inchi 0.017 hivi, ilhali za bunduki huanzia kwenye inchi 0.020 na kufika 0.025.

Tofauti hiyo ya sehemu chache za elfu za inchi ndiyo inayonifanya nisite. Fataki za bastola hubuniwa kwa ajili ya risasi kama .357 Magnum, ambayo kikomo chake cha shinikizo kilichowekwa na SAAMI, taasisi ya viwango ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni pauni 35,000 kwa inchi mraba. Kikomo cha .22 Hornet ni pauni 49,000, na cha .223 Remington ni 55,000. Anayejaza Hornet kwa kiasi cha wastani anaweza kutumia fataki ya bastola miaka mingi bila kuona dosari, nami simkatazi. Lakini anayekwenda hadi kiasi cha juu kabisa cha jedwali la ujazaji anakiomba kikombe chembamba kibebe mzigo ambao hakikuundwa kuubeba, na kikitoboka, gesi ya moto hurudi nyuma kupitia tundu la pini, hukila kichwa cha pini na uso wa kifungio (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), na huweza kumfikia mpigaji usoni. Miwani ya kinga si pambo. Kuipeleka desturi hiyo kwenye .222 au .223, kwa sababu tu fataki inaingia vizuri kishimoni, naiona kuwa ni hatari isiyo na faida yoyote ya kuitetea.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wajazaji tumezoea kuisoma fataki iliyotumika ili kukisia shinikizo: tunaangalia kama imekuwa bapa, kama chuma kimeinuka kuzunguka alama ya pini. Kikombe chembamba huwa bapa mapema, hata shinikizo likiwa la kawaida, na kikombe kinene hubaki na sura ya kuridhisha hata mambo yanapokuwa yameshaharibika. Aliyebadilisha aina ya fataki amebadilisha pia kioo anachojitazamia, na mazoea yake ya zamani ya kusoma dalili hayamfai tena. Isitoshe, tundu la pini likiwa pana kuliko kawaida, chuma huinuka bila shinikizo kuwa na kosa.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta njia ya katikati, kwa sababu kiwandani ilishafikiriwa. Fataki ya Remington 6½ ililengwa hasa kwa .22 Hornet, na watengenezaji wenyewe wanaonya isitumike katika risasi za shinikizo kubwa kama .223, ambazo wamezitengea 7½ yenye kikombe kinene zaidi. CCI 400 nayo ina kikombe cha inchi 0.020 hivi, na ndugu yake wa magnamu, CCI 450, hufika 0.025. Mtu akianza na 6½ au 400 anapata upole anaoutaka pamoja na chuma kilichokusudiwa bunduki, na sioni kwa nini aanzie kwingine.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya msimamo wangu linatoka upande wa baruti. Baruti za chembe za mviringo kama H110 na Winchester 296, ni ngumu kushika moto, na kampuni ya Hodgdon inayoziuza inaonya zisipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3 chini ya kiasi kilichoandikwa. Kwa baruti hizo, hasa katika baridi kali, fataki laini kupita kiasi inaweza kuchelewesha mwako, na hapo fataki kali ina nafasi yake halali. Nakubali. Ndiyo maana nasema fataki laini ni pa kuanzia, si pa kukomea. Anayechagua baruti ya namna hiyo afuate fataki iliyotajwa na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji, asiyachanganye maelekezo ya kurasa mbili. Kwa baruti zinazoshika moto kwa urahisi zaidi, sioni magnamu inaleta nini katika ganda la greni 14 isipokuwa fujo.

Sasa nije kwenye ushahidi, ambao ndio kiini cha ugomvi wangu na wanaosifu fataki ya bastola. Sifa nyingi hutokana na mtu aliyepiga risasi tano kwa fataki moja na tano kwa nyingine, akasoma mchepuko sanifu wa kasi, yaani kiasi cha kutawanyika kwake, kwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, akatangaza mshindi. Hesabu haimruhusu. Kwa risasi tano, mchepuko uliopimwa kuwa futi 20 kwa sekunde unaweza, kwa uhakika wa asilimia 95, kuwa kwa kweli popote kati ya 12 na 57. Kwa risasi ishirini, pengo hupungua likawa kati ya 15 na 29 hivi. Fataki mbili zinazoonyesha 15 na 25 katika makundi ya risasi tano hazijathibitishwa kuwa tofauti hata kidogo. Anayetaka kujua ukweli atenge maganda ya aina moja, apime kila kiasi cha baruti kwa mizani, apige risasi za fataki mbili kwa zamu katika kikao kimoja ili joto la mtutu lisiipendelee yoyote, kisha afike angalau ishirini kwa kila upande. Ni gharama, na fataki zilipoadimika kuanzia mwaka 2020 wengi hawakuwa na anasa hiyo. Lakini asiyeweza kuilipa gharama hiyo asidai jibu.

Uadimu huo uliwafundisha watu tabia mbaya ya kubadilisha fataki na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Shinikizo hubadilika fataki inapobadilika, na katika ganda dogo hubadilika kwa ukubwa unaoshtua. Kila badiliko linadai kurudi kwenye kiasi cha kuanzia cha jedwali na kupanda taratibu, na kwa baruti zisizopenda kupunguzwa linadai kutafuta jedwali lililopimwa kwa fataki hiyohiyo.

Juu ya kuipachika nitasema machache. Fataki iketi chini kidogo ya usawa wa kitako cha ganda, sehemu tatu hadi tano za elfu za inchi, miguu ya fuawe (kipande kidogo kilicho ndani ya fataki) ikigusa sakafu ya kishimo. Iliyobaki juu hugoma kwa pigo la kwanza na kuwaka kwa la pili, na watu huilaumu kuwa ni ngumu kumbe haikukaa. Katika bunduki zinazojipakia zenyewe, fataki iliyochomoza inaweza kuwaka kifungio kinapojifunga, na hapo kikombe kinene kina faida ya kweli.

Fataki zibaki katika vifungashio vyake vya kiwandani hadi dakika ya kutumika, na namba ya toleo iandikwe pamoja na kila rekodi ya ujazaji, kwa kuwa toleo jipya la jina lilelile hudai risasi chache za kulinganisha kabla ya kuaminiwa.