Saa 9,000 za Kiwelisi zilizokuwa za Kiingereza

Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa Whisper, modeli ya akili mnemba inayosikiliza usemi na kuugeuza kuwa maandishi, iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa kwenye intaneti. Ndani ya shehena hiyo kulikuwa na fungu la sauti za lugha mbalimbali zilizoambatana na tafsiri ya Kiingereza. Katika fungu hilo Kiwelisi, lugha ya watu wapatao 538,000 huko Welisi kwa hesabu ya sensa ya 2021, kilishika nafasi ya nne kwa wingi wa saa, mbele ya Kifaransa, Kihispania na Kirusi. Saa zenyewe zilikaribia 9,000. Mtu akiketi kuzisikiliza usiku na mchana bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 375. Hata hivyo, modeli ilipopimwa, tafsiri yake kutoka Kiwelisi ilipata alama 13 tu katika kipimo cha BLEU, kinacholinganisha tafsiri ya mashine na ya binadamu, ambacho kilele chake ni 100. Watafiti wa kampuni hiyo walirudi kuchungulia data yao na kukuta kwamba sehemu kubwa ya hicho kilichoitwa Kiwelisi ilikuwa ni Kiingereza kitupu kilichoambatana na maandishi ya Kiingereza. Programu ya kutambua lugha ilisikia Kiingereza ikakibandika jina la Kiwelisi. Waliyaandika hayo wenyewe bila kuficha, na kwa hilo wanastahili shukrani.

Kisa hiki kinagusa kiini cha mjadala unaoendelea Ulaya kuhusu usawa wa lugha katika teknolojia, mjadala ambao mara nyingi husimuliwa kama mvutano kati ya hisia na hesabu. Upande mmoja huchorwa kama wapenzi wa lugha za mababu wanaodai fedha za umma kwa ajili ya vikagua tahajia na programu za kusoma maandishi kwa sauti. Upande wa pili huchorwa kama watu wenye kalamu na daftari, wanaouliza kwa nini walipakodi wagharamie kitu ambacho kampuni kubwa zinakitoa bure au kwa bei ndogo. Mchoro huo umewaonea wa kwanza. Kwa jinsi ninavyouona mjadala huu, hesabu zilizo ngumu kujibika ziko zaidi upande wao.

Chimbuko la hoja linajulikana. Mwaka 2012 mtandao wa watafiti wa META-NET ulichapisha tathmini ya lugha 30 za Ulaya iliyoandaliwa na wataalamu zaidi ya 200, ikasema kwamba angalau 21 kati yake zilikuwa katika hatari ya kutoweka katika ulimwengu wa kidijitali. Kiaisilandi, Kilatvia, Kilithuania na Kimalta ziliburura mkia katika maeneo yote manne yaliyopimwa. Septemba 2018 Bunge la Ulaya, kwa ripoti iliyowasilishwa na mbunge wa Welisi Jill Evans, lilipitisha azimio la usawa wa lugha katika zama za kidijitali kwa kura 592 dhidi ya 45. Azimio hilo halina nguvu ya sheria. Baadaye ulifuata mradi uliopewa jina la Usawa wa Lugha za Ulaya, uliouweka mwaka 2030 kuwa ndio wa kuufikia usawa huo.

Wenye mashaka wana hoja tatu, na hakuna hata moja ya kubezwa. Ya kwanza ni kwamba mambo yamebadilika tangu 2012. Modeli za sasa hujifunza lugha nyingi kwa pamoja, na ujuzi wa lugha moja husaidia nyingine: modeli iliyosoma Kiarabu na Kiitalia kwa wingi haiingii kwenye Kimalta mikono mitupu, maana Kimalta ni lugha ya Kisemiti iliyobeba msamiati mwingi wa Kisisilia na Kiitalia. Kwa nini basi serikali ndogo ijenge kwa miaka mitano kitu ambacho huenda kikapitwa na toleo lijalo la modeli ya kigeni? Hoja ya pili ni ya ushuru wa forodha, kama ningeweza kuiita hivyo. Hata chombo kikijengwa, mlango wa kukiingiza kwenye simu na kompyuta za watu uko mikononi mwa kampuni chache, na kampuni hizo ndizo huamua lugha ipi itasikika katika msaidizi wa sauti. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo inatoka Ayalandi. Kiayalandi ni lugha rasmi ya nchi, ni lugha rasmi ya Umoja wa Ulaya tangu 2007, na tangu Januari 2022 nyaraka zote za Umoja huo zinapaswa kutolewa kwa lugha hiyo. Lakini sensa ya 2022 ilionyesha kwamba, kati ya watu wapatao milioni 1.87 waliosema wanakijua, wanaokizungumza kila siku nje ya shule hawakufika 72,000. Anayesema kwamba lugha haiokolewi kwa programu ana takwimu ya kumtegemeza.

Nitairudia hoja hiyo ya Ayalandi. Kwanza tuitazame Aisilandi, nchi ambayo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya na yenye watu wasiofika 400,000, kwa sababu huko wazo la kuwekeza lilijaribiwa kwa dhati. Mpango wao wa taifa wa teknolojia ya lugha ulipangwa kwa miaka ya 2018 hadi 2022, ukakabidhiwa muungano wa vyuo vikuu, taasisi na kampuni za humo humo nchini. Hawakuanza kwa kujenga roboti la kujigamba nalo. Walianza na mambo yasiyong'aa: kongoo, yaani hazina ya matini, lenye maneno zaidi ya bilioni 1, hifadhidata ya minyambuliko, maana nomino ya Kiaisilandi hubadilika umbo kufuatana na uhusika, yaani kazi yake katika sentensi, na mradi wa Samrómur, ambamo wananchi, wakiwemo watoto wa shule walioshindanishwa, walisoma sentensi na kurekodi sauti zao. Vilivyopatikana vilitolewa kwa leseni huria. (Hawa ndio watu walioipa kompyuta jina la tölva, kwa kuunganisha neno la namba na neno la mwanamke mtabiri wa kale. Nasi tuliunda tarakilishi kwa njia isiyo mbali na hiyo, ingawa wengi wetu tumewaachia wanafunzi waitumie katika mitihani.)

Mei 2022 Rais Guðni Th. Jóhannesson alikwenda Marekani na ujumbe wake kuonana na kampuni za teknolojia. Matokeo yalitangazwa Machi 2023: OpenAI ilishirikiana na kampuni ya Miðeind ya Reykjavík, na watu wapatao 40 wa kujitolea, wote wazungumzaji wa Kiaisilandi, wakasaidia kuifunza GPT-4, modeli ya OpenAI ya kuandika na kujibu maswali, kwa kulinganisha na kusahihisha majibu yake.

Mwenye mashaka atacheka hapa, na ana haki ya kucheka kidogo: umma umelipa, wananchi wamejitolea, na faida imekwenda kwa kampuni ya ng'ambo inayouza huduma hiyo. Ni pingamizi la haki. Lakini tuulize ni kitu gani hasa Waaisilandi walikwenda nacho mezani. Walikwenda na matini safi na, lililo kubwa zaidi, walikwenda na watu waliozoea kupima: wataalamu wanaoweza kusema sentensi hii ni sahihi, hii imekosea uhusika, hii ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiaisilandi. Bila miaka ile ya maandalizi, wangekwenda wakiwa waombaji. Na kwa kuwa leseni ni huria, kilichosaidia kampuni moja kinapatikana pia kwa mshindani wake, kwa chuo kikuu na kwa kijana anayetengeneza programu sebuleni kwao.

Hapo ndipo zile saa 9,000 zinaporudi, kwani sidhani kama uzito wake umeeleweka. Kosa la Kiwelisi liligunduliwa kwa sababu namba mbili ziligombana. Saa zilikuwa nyingi mno na alama zilikuwa chache mno, basi kila aliyeutazama mchoro wa kulinganisha saa na alama za kila lugha aliona nukta moja iliyokaa mbali na wenzake, akajiuliza kulikoni. Sasa tuchukue Kibretoni, ndugu yake Kiwelisi kilicho upande wa pili wa bahari, huko Ufaransa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kimewekewa saa chache, na nusu ya saa hizo ni Kifaransa kilichobandikwa jina lake. Alama zitakuwa ndogo. Lakini saa nazo ni chache, kwa hiyo alama ndogo ndizo zilizotarajiwa; nukta itakaa sawasawa mahali pake kwenye mchoro na hakuna atakayeshtuka. Kosa la lugha yenye takwimu kubwa hujitokeza lenyewe, ilhali la lugha yenye takwimu ndogo hujificha ndani ya udogo wake. Njia ya kuligundua ni kuwa na mzungumzaji mwenye ujuzi, aliyelipwa kwa kazi hiyo, mwenye seti ya majaribio aliyoitayarisha mwenyewe na anayeweza kufungua mafaili akasikiliza.

Wanaosema kwamba modeli za sasa tayari zinazijua lugha ndogo hutegemea orodha za lugha zilizochapishwa na watengenezaji. Kiwelisi nacho kilikuwa kwenye orodha, tena katika nafasi ya juu. Kwangu swali la usawa linaanzia kwa anayepima, na hili soko halilitatui kwa sababu hakuna mteja anayelipia kipimo cha Kibretoni.

Hoja ya forodha nayo inawapa watetezi nguvu kuliko wakosoaji wanavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Tromsø, Norwe, vikundi vya Giellatekno na Divvun vimetumia miaka mingi kuandika sarufi za Kisami, lugha za wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, katika umbo linaloeleweka na kompyuta, kanuni kwa kanuni, maana maandishi ya lugha hizo ni machache mno kuilisha modeli inayojifunza yenyewe. Kibodi na vikagua tahajia vipo. Kinachobaki ni ruhusa ya kuviingiza ndani ya programu wanazotumia watu kila siku. Hilo halitatuliwi kwa kuacha kujenga. Linatatuliwa na mdhibiti mwenye uwezo wa kuzilazimu kampuni zifungue mlango, na Umoja wa Ulaya umekwishaonyesha kwamba unaweza kuzibana kampuni za teknolojia unapotaka.

Tatizo ni kwamba Umoja huo wenyewe hupima usawa kwa ramani ya dola. Kimalta, chenye wazungumzaji nusu milioni hivi, ni miongoni mwa lugha 24 rasmi. Kikatalani, chenye wazungumzaji karibu milioni 10, si miongoni mwake, ingawa Uhispania iliomba kiingizwe pamoja na Kibaski na Kigalisia mwaka 2023. Wakatalani hawakusubiri: wamechanga sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla kwa wingi uliokiweka Kikatalani miongoni mwa lugha zenye saa nyingi kuliko zote humo. Msomaji wa Kiswahili, lugha yenye wazungumzaji wengi kuliko hizi zote kwa pamoja, hawezi kupita hapa bila kujikuna kichwa.

Na Ayalandi? Wale 72,000 ni ukweli, na mtetezi anayeahidi kwamba programu itawaongeza anaahidi asichokimiliki. Lugha huendelezwa na wazazi wanaoisema na watoto wao. Lakini takwimu hiyo inahusu swali jingine. Haisemi kwamba mzee wa Connemara, magharibi mwa Ayalandi, anayezungumza Kiayalandi tangu utotoni hana haki ya simu inayomwelewa, wala haisemi kwamba mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo aone ni kawaida kwamba kila kifaa nyumbani kinamtaka abadilishe lugha. Ningekubaliana na wenye mashaka katika jambo moja: fedha za umma zisiende kushindana na modeli kubwa kwa ukubwa. Ziende kwenye matini zilizosafishwa, kwenye rekodi za sauti zenye leseni huria, na kwenye mishahara ya wale watakaofungua mafaili ya Kibretoni na kusikiliza kama ni Kibretoni kweli.