Mbona waliokuwa na redio mlimani hamkuwataja?

Nimeisoma makala yenu ya vita vya Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki walichopigania Wamarekani na Wajapani, mpaka mwisho. Kilichoniuma ni kwamba makamanda wa manowari mmewataja karibu wote, lakini watu wa msituni, waliowapelelezea Wamarekani na wenzao ndege za Japani kwa redio, hamkuwapa hata mstari mmoja.

Tangu Agosti 1942 vita ile ilikwenda kwa saa. Ndege za Japani zilitoka Rabaul, kituo chao kikubwa, kama kilomita 1,000 kutoka hapo, na kwa kuwa zilitaka kurudi kabla ya giza, zilifika Guadalcanal karibu na adhuhuri. Njiani zilipita juu ya kisiwa cha Bougainville. Huko walijificha Paul Mason kusini na Jack Read kaskazini, wakihesabu ndege na kutuma habari. Onyo lao liliwapa marubani wa Kimarekani wa uwanja wa Henderson, huko Guadalcanal, muda wa kupaa, maana Wildcat, ndege yao ya kivita, ilipanda polepole mno. Isipowahi kuwa juu ya adui, haikufua dafu mbele ya Zero, ndege ya kivita ya Wajapani.

Na redio yenyewe si ya kutia mfukoni! Pamoja na betri na jenereta, ilihitaji wapagazi zaidi ya kumi, wenyeji wa visiwa, kuipandisha kwenye matope huku wanasakwa. Tena yupo Jacob Vouza, polisi mstaafu wa Guadalcanal aliyewapelelezea Wamarekani: alikamatwa na Wajapani, akafungwa mtini, akachomwa singe na asiseme kitu. Alitafuna kamba, akajikokota akivuja damu hadi kwa Wamarekani kuwaonya.

Mkiandika sehemu ya pili, tafadhali anzeni na huyo.