Kabla ya Fidla, Mlipeni Maalim

Kila nikiona picha ya fidla mpya zinakabidhiwa kwa watoto, viongozi na wageni mbele, watoto nyuma yao wanatabasamu, macho yangu humtafuta mtu mmoja tu: yule atakayekaa na watoto hao wageni wakishaondoka. Mara nyingi pichani hayumo. Ukiuliza analipwa nini, utaambiwa anapewa posho, na posho yenyewe haizidi sana nauli ya daladala ya kwenda na kurudi.

Hapa Zanzibar tumeshazoea kuhesabu mpango wa orkestra ya vijana kwa idadi ya ala zilizopokelewa. Mimi naona hesabu hiyo tumeianza mwishoni. Mtu wa kwanza kuwekwa kwenye bajeti ni maalim, awe na mshahara na mkataba. Ala zije baada yake.

Wala sisemi jambo geni katika visiwa hivi. Simulizi ya taarab tunayorithishana inasema kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Aliporudi akawafundisha wenzake, na hapo ndipo kilipotoka kikundi cha muziki cha kasri. Mtawala yule alikuwa na uwezo wa kuagiza ala merikebu nzima. Alichogharimia ni mtu, na muda wa mtu huyo kujifunza mpaka akaiva. Mwaka 1905 likaja kundi la taarab la Akhwan Safaa, ambalo limevuka miaka mia moja kwa sababu mkubwa aliketi na mdogo. Kijana aliingia klabuni akisikiliza, akibeba ala, akapewa kuitikia, kisha rika, yaani tari ndogo, au ngoma ya dumbak, na miaka ikipita akakabidhiwa fidla. Hiyo ilikuwa skuli kamili ingawa haikuwa na ubao mlangoni.

Asiyewahi kukaa kwenye mazoezi ya watoto hawezi kujua kazi ya maalim ilivyo. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na zote lazima zipatanishwe kabla mtoto wa kwanza hajafika. Upepo wa bahari hauna huruma: nyuzi zinashika kutu, gundi inaachia, ubao unavimba. Fidla nayo haina alama za kumwonyesha mtoto pa kubonyeza. Piano ingemsaidia mtoto wa kwingine, lakini maqamu, yaani ngazi ya sauti za muziki wa Kiarabu, kama rasti au bayati, ina sauti zinazokaa katikati ya vibonye vya piano, na hakuna kitabu kitakachomtia mtoto sauti hizo sikioni. Anazipata kwa maalim aliyeketi karibu yake, anayepiga, anasubiri, anasikiliza, anasema "bado, panda kidogo," anapiga tena.

Hapo tumezungumzia mtoto mmoja. Orkestra ina watoto ishirini au thelathini, mmoja anaweza bashraf nzima, muziki wa ala usio na maneno, na mwenzake hajajua bado kushika upinde. Maalim mzuri anamwandikia kila mmoja sehemu anayoiweza, ili yule wa nyuzi mbili tatu naye aone muziki unamhitaji. Hana sello? Sehemu hiyo anaipeleka kwenye akodiani. Mpiga nai, yaani filimbi, kaumwa? Udi, ile ala ya nyuzi, utabeba. Kazi hiyo anaifanya usiku nyumbani kwake, na haimo kwenye karatasi yoyote ya malipo.

Halafu kuna wazazi. Mtoto wa Unguja ana skuli, ana chuo cha Kurani, ana kazi za nyumbani, na magharibi anatakiwa awe ameshaingia ndani. Binti akitaka kujifunza udi, baba atauliza maswali, na ni haki yake kuuliza. Wako wanaoona muziki haufai kabisa katika malezi ya Kiislamu. Nawaheshimu, na sitaki kuwalazimisha. Ila wazazi wengi ninaowafahamu shaka yao haiko kwenye fidla. Wanataka kujua mtoto wao atakuwa mikononi mwa nani. Maalim anayekwenda kubisha hodi, akaketi barazani, akaeleza saa za mazoezi na nani atamrudisha mtoto nyumbani, huyo anaaminiwa. Tena anajua la kuwaambia: mtoto aliyefundishwa kusoma kwa tajwidi, akaimba kasida kwenye maulidi, anafika mazoezini sikio lake limeshanolewa. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa miaka. Mkitubadilishia maalim kila mradi unapokwisha, tunaanza tena mlangoni.

Na miradi inakwisha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilifungua milango mwaka 2002 katika jumba la zamani la Forodha, Mji Mkongwe, na kimewafundisha vijana wengi ambao leo tunawasikia majukwaani. Mwaka 2019 chuo hicho hicho kilieleza hadharani kwamba kinaweza kufungwa kwa kukosa fedha, baada ya misaada ya wafadhili kupungua. Mfadhili akipunguza fedha, maalim ndiye wa kwanza kuumia, maana fidla ikiwekwa kabatini haili wala haina watoto wa kusomesha. Yeye ataufuata ujira wa hoteli za Nungwi na Kiwengwa, awapigie wageni wakati wa chakula cha usiku. Simlaumu hata kidogo. Lakini msimu wa watalii ukichanganya, mazoezi ya watoto yanalegea, na kilicholegea miezi mitatu hakirudi kwa wiki moja.

Watu hupenda kututajia Venezuela, na mfano ni mkubwa kweli: José Antonio Abreu alianzisha mpango wa orkestra za vijana, El Sistema, na vijana wachache mwaka 1975, na Gustavo Dudamel, kiongozi wa orkestra anayejulikana dunia nzima, alilelewa humo. Mimi hupenda zaidi mfano wa Kinshasa, kwa kuwa ni wa jirani zetu. Armand Diangienda, aliyekuwa rubani, alianzisha orkestra ya kanisa la Kimbanguiste mwaka 1994. Fidla zilikuwa chache, watu wakapokezana. Uzi ukikatika waliweza hata kutia waya wa breki ya baiskeli. Walibaki pamoja, aliyejua leo akimwelekeza asiyejua, na orkestra ikasimama.

Najua hoja itakayokuja: skuli zetu hazijatosheka na walimu wa hesabu, sembuse wa muziki. Sikatai. Ila fedha za muziki tayari zinatumika, kwenye ala, sherehe za makabidhiano na fulana. Nataka zielekezwe kwa mtu.

Kinachoniuma zaidi ni suala la cheti. Fundi wa kanuni aliyekaa na ala yake miaka arubaini hawezi kuajiriwa skuli kwa sababu hana cheti cha kidato cha nne. Wizara ingeweza kuunda jopo la mafundi wenyewe, wakamsikiliza akipiga, wakamwona akimfundisha mtoto, kisha wakampa hati inayotambulika kwenye ngazi za mishahara. Akipewa na kijana wa kumsaidia, naye analipwa, basi hata siku mzee akichoka watoto hawatabaki peke yao. Mafundi hawa hawatungoji, na kila anayefariki bila mwanafunzi anaondoka na mambo ambayo hayakuandikwa popote.

Na kama nafasi itakuwa moja tu mwanzoni, iende Pemba. Unguja angalau tuna chuo, tuna klabu, tuna matamasha. Mtoto wa Wete au Chake Chake anayetaka kujifunza udi huambiwa avuke bahari. Maalim apelekwe yeye, apewe nyumba na mkataba wa miaka isiyopungua mitano, aanze na udi mmoja, fidla mbili na dumbak, na mishahara yake yote iwe imeshatengwa siku anapopanda meli.