Talaka haimfuti mtoto

Kuna baba mmoja kwenye habari anasema ati kwa vile waliachana kortini na watoto wanaishi na mama, yeye hadaiwi kitu. Si kweli kabisa! Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 inasema wazazi wote wawili wana jukumu sawa, wawe walioana ama hawakuoana. Na watu wanachanganya vitu viwili hapa, matunzo ya mtoto na matunzo ya mke ama mume, hiyo ya pili iko kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 na ukiolewa tena inaisha, lakini ya mtoto haiguswi na ndoa mpya ya mamake. Mimi nilienda korti ya watoto pale Milimani, Nairobi, na daftari nimeandika kila kitu, unga, karo, nauli ya matatu, dawa ya kifua ya yule mdogo, na meseji za M-Pesa nimeprinti, hakimu akazipitia moja moja akamuuliza baba watoto, mbona tangu Januari umetuma mara mbili tu? Akanyamaza. Dada zangu wekeni risiti jameni, hata ile ndogo ya duka.