Sonona kali kwenye faili: jina la bipola liandikwe lini?

Mwenye bipola, ugonjwa wa akili wenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na vya sonona (huzuni nzito ya kiugonjwa), mara nyingi haji hospitali siku anazochangamka, kwa sababu siku hizo anajiona mzima kuliko watu wote. Huletwa akiwa chini kabisa: hapati usingizi, hali chakula, anataja kifo. Tabibu anayemwona mara ya kwanza anaiona sonona kali tu. Hata ICD-10, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, haumruhusu kukimbilia hitimisho. Msimbo F31.4, sonona kali ya bipola isiyo na dalili za saikosisi (kama kusikia sauti zisizokuwepo), unataka mgonjwa awe aliwahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi. Bila ushahidi huo, ataandikiwa F32.2, sonona kali tu.

Wapo wanaosema ukiishuku bipola, iandike mapema, maana dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumpandisha mgonjwa hadi kwenye mania, yaani kuchangamka kupita kiasi. Hoja hii ina uzito. Fomu ya PHQ-9, ya maswali ya kupima sonona, haisaidii hapa: alama 20 hadi 27 zinaonyesha ukali wa sonona, lakini katika maswali yake 9 hakuna hata moja linalogusa siku za kuchangamka. Inabidi kuuliza kwa mdomo, na kuwauliza ndugu pia. Dada aliyemleta akiulizwa, "Dada, kuna wakati alikaa wiki nzima akilala saa mbili tatu tu na hachoki?" anaweza kujibu, "Mwaka juzi, ndipo alipouza shamba." Jibu hilo liandikwe kama lilivyosemwa.

Wengine wanahofia kwamba jina likishaandikwa litamfuata mtu kazini, kwenye bima, hata kwenye posa. Sheria nayo inatisha. Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, chenye kosa hilohilo, kinakiuka Katiba. Kwa hofu hiyo tabibu mwenye huruma huandika "msongo wa mawazo" na kuishia hapo. Naielewa huruma yake, lakini inamponza mgonjwa. Akipewa rufaa kwenda hospitali ya magonjwa ya akili, Mirembe ya Tanzania au Mathari ya Kenya, daktari wa huko anaanza upya, hajui kwamba juzi tu mtu huyu alizungumzia kujiua.

Kwangu mimi, jina linaweza kusubiri, maelezo hayawezi. "Sonona kali, bipola inashukiwa" ni maneno ya kweli na yanatosha kumzuia anayefuata asitoe dawa ya sonona peke yake. Yafuatiwe na tarehe dalili zilipoanza, maneno ya ndugu, kama mgonjwa anasikia sauti, na kama ana mpango wa kujidhuru. Usiri tuulinde kwa njia nyingine: maelezo haya yakae kwenye faili la kliniki na barua ya rufaa iliyofungwa, si kwenye daftari analotembea nalo mgonjwa, ambalo shemeji yeyote anaweza kulifungua.