Mnara wa Mashujaa Si Ubao wa Matangazo

Kila inapokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, nyasi zinazouzunguka mnara wa mji wetu hapa mkoani Lindi hufyekwa na chokaa hupakwa, kisha kwa miezi yote inayobaki mnara huo hugeuzwa ubao wa matangazo ya waganga, vyumba vya kupangisha na usiku wa taarabu, huku bodaboda zikiegeshwa palepale panapowekwa mashada. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haya yanatendeka katika mkoa ambako Vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905, wakulima wa Nandete, katika milima ya Umatumbi, walipong'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Na ambako miaka kumi kabla yake Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa, pale Kilwa Kivinje, kwa kuwapinga Wajerumani haohao. (Ni kweli kwamba mashujaa hawa hawakudai mashada, lakini hawakudai gundi pia.) Kijana mwenye ndoo ya gundi akikemewa hujibu kwamba hakuna aliyemkataza, na kwa bahati mbaya anasema kweli: hakuna kibao cha onyo wala mlinzi, nasi wapita njia husoma bei ya chumba tukaenda zetu.